Ulijua Kwamba Baba Haoni

Barabara ya Kilima cha Tandy,
Pruett, Arkansas.
Tarehe 16 Julai, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Garland,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ndivyo Mama alivyotulea, na sitaki upate la kusema kwamba dada yako hana adabu. U hali gani huko Kodiak? Wifi yangu Marit hajambo? Kile kikohozi chake cha majira ya baridi kimekwisha? Natumaini injini za meli bado hazijakumaliza mgongo, na kwamba mnapata japo jua la kuanikia soksi. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mume wangu Dwight, ambaye mguu wake umefungwa plasta mpaka gotini. Nitakueleza.

Joto ni kali sana. Nyanya zimekubali mwaka huu, maharage yote yameliwa na kulungu, na paa la kanisa limeanza tena kuvuja palepale juu ya kinanda. Habari za nyumbani ndizo hizo.

Basi nimekusalimu. Sasa nisikilize.

Nina hasira nawe, Garland. Sijawahi kukukasirikia hivi, hata mwaka ule ulipokosa harusi ya binti yangu Shelby kwa sababu ya samaki. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, maana zilizotangulia zilikuwa matusi matupu na Mama angeona aibu. Hii unayoisoma ndiyo yenye heshima.

Tulikwenda mtoni juma la sikukuu ya Uhuru kama kila mwaka, kambi ileile ya Hadley, pale mto unapopinda chini ya kilima. Mimi na Dwight tulitangulia na trela letu. Shelby na mumewe wakaja na hema, pamoja na Raylee. Huyo mjukuu wangu umemwona kwenye picha tu. Ana miaka minne, hajui kutembea, anajua kukimbia. Kutwa nzima yumo majini na ndoo yake anatafuta kamba wa mtoni chini ya mawe, amevaa jaketi lake la kuelea la rangi ya chungwa, na halivui hata wakati wa kula.

Baba na Mama walifika jioni, jua likiwa limeshapita nyuma ya kilima. Likumbuke hilo la jua.

Natumaini huko kwenye barafu hujasahau mambo ya viti. Trela likiingia kambini, watu wazima wote wanatoka na viti vyao vya kukunja na chai ya barafu, wanajipanga kando ya njia kutazama nani atapiga rivasi vizuri na ndoa ya nani itavunjika jioni hiyo. Na makelele ndiyo utamu wenyewe. Ukienda sawa, unaambiwa unaenda mtoni. Ukiwa bado uko mbali na mti, unaulizwa huo mti umekukosea nini. Mwenyekiti wa wapiga kelele ni Hoyt, yule mzee aliyekuwa dereva wa basi la shule, na anajua kumchanganya mtu mpaka akalifungua trela akaenda kulala motelini. Dereva hodari ni yule asiyesikiliza viti. Anamsikiliza mtu mmoja tu, yule anayemwelekeza nyuma.

Na mfalme wa mchezo huo ni Baba. Anaingia mara moja, hasahihishi. Mama anasimama nyuma na redio yake ya mkononi, anaongea polepole kama anayesali, na lile trela refu linaingia kati ya miti kama mkono kwenye mfuko. Miaka yote tumempigia makofi. Hii miwili ya karibuni tulikuwa tunayapigia makofi macho ya Mama, na hatukujua. Wewe ulijua.

Jioni ile Mama alisimama upande wa dereva, karibu na nguzo ya umeme, kwa sababu nguzo ile iliwahi kuwachubulia ubavu. Macho yake yote yalikuwa pale. Upande wa pili, kamba mmoja alimtoroka Raylee kwenye ndoo, naye akachuchumaa nyuma kabisa ya magurudumu kumwokota. Mtu yeyote mwenye macho angemwona kwenye saitmira ya kulia. Lile jaketi linaonekana hata ng'ambo ya mto.

Hoyt ndiye aliyemwona kwanza. Akapaza sauti, "Simama, Delbert, simama." Kisha viti vyote vikasimama, watu wakipiga kelele na kupunga mikono. Baba akatoa mkono dirishani, akawapungia, akicheka.

"Nimewazoea nyie," akasema. "Mwaka jana pia mlisema simama."

Akaendelea kurudi nyuma.

Sijui Dwight alifikaje pale. Mtu anayelalamika magoti akiinuka mezani aliruka kama kijana, akamsukuma Raylee kwa mikono yote miwili, na yeye akaanguka palepale alipokuwa mtoto. Gurudumu likapanda juu ya mguu wake. Hapo ndipo Mama alipomsikia Shelby akipiga yowe, akageuka, akasema neno moja kwenye redio, na Baba akasimama papo hapo. Sauti za watu wote hakuzijali, ya Mama alisimama nayo. Mchanga wa mtoni ndio uliouokoa ule mguu usikatwe. Mifupa miwili imevunjika, na ile ndoo imekuwa bapa kama sahani.

Baba akashuka. Uso ulikuwa mweupe, nao ulikuwa umegeuka upande, kama kuku anavyotazama punje. Akauliza, "Nimegonga nini? Dwight yuko wapi, aje anisaidie."

Dwight alikuwa amekaa chini mbele yake, Garland. Mbele yake kabisa, ameshika mguu, anauma meno. Nikamtazama Mama. Mama akatazama chini.

Usiku huo tulikuwa hospitali, sikupata nafasi ya kuuliza kitu. Kesho yake, nilipokwisha kumlaza Dwight kwenye trela letu, niliwafuata. Mama alianza kwa kuniambia jua lilikuwa limempiga Baba usoni. Nikamwambia jua lilikuwa nyuma ya kilima, na hata wapumbavu wanajua upande jua linakozama. Sijawahi kumjibu Mama hivyo, na Baba ndipo aliponiambia nikae.

Akanieleza kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Macho yake yamekufa katikati. Anaona kwa pembeni tu, napo pana ukungu. Daktari alimwambia yapata miaka miwili, akamwambia asiendeshe hata mashine ya kukatia majani. Leseni yake haijaisha muda, kwa hiyo hakuna aliyempima. Barabarani anaufuata ule mstari mweupe wa ukingoni, na vingine vyote anasomewa na Mama aliyekaa pembeni: taa nyekundu, lori linakuja, daraja jembamba, kulungu. Hivyo ndivyo walivyokuja mtoni kupitia milima yote ile, na trela nyuma.

Nikauliza nani mwingine anajua. Nilidhani atasema hakuna.

Akasema, "Garland anajua. Nilimwambia kwenye simu, Krismasi ya mwaka juzi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele za watu. Mimi ndiye ninayeishi hapa, Garland. Mimi ndiye ninayemletea dawa za presha na kumkata kucha za miguu, maana aliniambia mgongo haukunjiki. Ninamsomea gazeti la Jumapili kwa sababu eti wachapishaji wa siku hizi wanabana wino. Ameketi jikoni kwangu akila mkate wangu wa mahindi na kunidanganya kwa upole kabisa, na wakati wote kijana wake aliye mwisho wa dunia ameshaambiwa. Aliye mbali kaambiwa, aliye karibu kafichwa. Iliniuma, na sitakuficha, iliniuma kwa wivu kabla haijaniuma kwa woga.

Lakini wivu ulipita upesi. Nilimuuliza Baba ulimwambia nini siku hiyo. Akasema ulimwambia, "Basi uwe mwangalifu, Baba."

Mwangalifu kwa kutumia nini, Garland? Mtu asiyeona anaangalia kwa kutumia nini? Nimeligeuza neno hilo kichwani juma zima nikiosha vyombo, nikimbadilishia Dwight mto, nikimtazama Raylee analala, na sijaona mahali ambapo mtu mwenye akili timamu anaweza kulisimamisha. Ulikata simu ukarudi kwenye injini zako. Ukala chakula cha jioni. Labda na usingizi ukaupata.

Najua utakachosema. Utasema alikuapisha. Utasema siri ya mzazi ni siri ya mzazi, funika kombe mwanaharamu apite. Kombe ulilolifunika wewe nusura limfunike mtoto mdogo. Na usiniambie hukuwa na namna. Simu uliyompigia Baba inapiga kwangu pia. Ungeniambia maneno matatu tu, nami ningefanya mengine yote na kuchukiwa peke yangu, kama nilivyozoea.

Juma lililobaki lilikuwa baya. Baba alikataa kata kata kutoa funguo za pikapu. Alizitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Watu wa kambini walikuwa na huruma, nayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Matrela yaliingia bila hata kiti kimoja kutolewa nje. Hoyt alikuja na kambare aliowakaanga mwenyewe, akawaacha mezani na kuondoka bila utani wowote, na mtu kama Hoyt akikosa utani ujue msiba upo. Mama alikuwa ananiomba chumvi tu, hana neno lingine nami.

Siku moja tu ndiyo alinisemesha. Tulikuwa tunaosha vyombo kwenye bomba la kambi, nami nikamwambia kwamba yeye ndiye mwenye makosa kuliko wote, maana yeye alikuwa anaona. Alisuuza sahani yote kwanza.

"Tangu nimeolewa baba yako ndiye ananipeleka, na hasikii neno langu," akasema. "Sasa ananisikiliza neno kwa neno, safari nzima. Wewe ulitaka niache?"

Nikakasirikia na hilo pia. Nilikasirika kwamba nilimwelewa.

Jumapili ikawa siku ya kuondoka. Niliamka nikawakuta wameshakunja turubai la kivuli, wamechomoa waya wa umeme, trela limefungwa kwenye pikapu. Baba alikuwa kwenye usukani, Mama pembeni yake na pochi mapajani, kama watu wanaokwenda kanisani. Nikamwomba funguo kwa dirisha, kwa upole. Akaniambia nimsalimie Dwight. Akawasha.

Sikujua la kufanya. Nikaenda nikasimama mbele ya pikapu. Niliegemeza mikono kwenye boneti, nikahisi injini ikitetemeka mpaka mabegani, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa baba yangu mzazi.

Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia kila kitu. Baba akauliza, "Oleta, njia nyeupe?"

Nikaona midomo ya Mama inafunguka na kufumba. Angesema ndiyo tu, Garland. Ndivyo alivyosema kwa miaka miwili na Baba akamwamini.

Baba akauliza tena.

"Twyla amesimama mbele," Mama akasema.

"Mwambie atoke."

"Mwambie wewe," Mama akasema. "Yuko hapo mbele yako."

Baba akanitafuta. Akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia, akarudi kushoto. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mahali alipojikata akinyoa. Nilitaka kusema niko hapa, Baba, nilitaka sana, na nilijiuma ulimi nisiseme. Kisha akakoma kunitafuta. Akazima gari. Hapakuwa na mtu kwenye viti, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Trela lao tumeliacha kwa Hadley, kwenye uwanja wake wa nyuma, mpaka majani yaanguke. Mume wa Shelby alivuta letu. Mimi niliendesha pikapu ya Baba, yeye akakaa nyuma na Mama mbele. Njia nzima Mama aliendelea kunisomea barabara bila kujijua: taa nyekundu, lori linakuja, daraja jembamba. Sikumkataza.

Tulipofika nyumbani nilizichomoa funguo, na Baba akanyoosha mkono. Nikamwambia simpi. Akasema hazitaki kwa ajili yake.

"Mpelekee Garland," akasema. "Yeye ndiye aliyeniachia niendeshe."

Nikamuuliza lile lililonikaba tangu siku ile, kwa nini aliamua kukuambia wewe na siyo mimi. Nilitegemea aseme kwamba wewe ni mwanamume, au kwamba mimi nina mdomo. Hakusema hivyo. Alisema bila hasira yoyote, na ninakuandikia kama alivyotamka ili nisikuongezee wala kukupunguzia.

"Nilimwambia yeye kwa sababu nilijua hatafanya kitu. Wewe ungeninyang'anya funguo kabla chai haijapoa."

Sijui kama alikuwa ananisifu. Wewe sidhani kama alikuwa anakusifu. Nilitaka kufurahi, Garland, nilikuwa na haki ya kufurahi, badala yake nililia pale kwenye ua nikiwa nimeshika mlango wa gari. Huyo ndiye baba yetu. Alikuwa na watoto wawili, akachagua aliye mbali kiasi cha kutosha.

Siku hizi anakaa kibarazani. Hataki gazeti. Jana aliniuliza kama umeandika, nikamwambia bado, akasema meli nyingi wakati huu wa mwaka. Bado anakutetea. Mimi nimechoka kusikia.

Dwight anakusalimu na anasema mguu unauma mvua ikikaribia, kwa hiyo sasa ana kazi ya pili, ya kutabiri hali ya hewa. Shelby hajasema nikusalimu na sitamlazimisha. Raylee anataka ndoo mpya, na ameniuliza kama huko kwako kuna kamba wakubwa. Nimemwambia aje akuulize mwenyewe ukifika. Msalimie sana Marit. Kama naye alijua, mwambie nimemsalimia hivyohivyo.

Mama hanisemeshi sana bado, lakini jana jioni alipita jikoni, akaweka kitu mezani kimefungwa kwenye karatasi ya jikoni, akaenda zake. Ulikuwa ufunguo wa akiba. Alikuwa nao muda wote kwenye kikapu chake cha kushonea.

Hicho unachokisikia kikigonga ndani ya bahasha ndicho hicho. Zimo zote mbili, hakuna nyingine. Pikapu iko bandani kwangu, na haitasogea. Baba anajua ziko kwako, na anajua njia ya kutoka Kodiak ni ndefu, na kila jioni anauliza habari zako. Usizitume kwa posta.

Mungu akulinde safarini.

Dada yako, anayekupenda hata leo,
Twyla